Steki ya Meza ya Dirishani

Gualtiero Fanesi alikutwa amelala kifudifudi jikoni mwake Jumatatu mchana, siku ambayo mkahawa wake huwa umefungwa. Damu ilikuwa imetoka nyuma ya sikio na kutiririka hadi miguu ya meza ya kukatia nyama. Kando yake alichuchumaa Luan Prifti, Mwalbania aliyemchomea nyama mkahawani miaka mingi, aproni imelowa, panga la bucha mkononi. Ni yeye mwenyewe aliyewapigia polisi simu.

"Nimemuua mimi," alimwambia Inspekta Elvio Sgreccia kabla hajaulizwa.

Kesi rahisi, basi. Mwendesha mashtaka alitaka Luan afikishwe kwa hakimu kesho yake asubuhi, na mji mzima wa Ancona, Italia, ungelala usingizi mnono, maana mgeni ndiye keshapatikana. Sgreccia hakuzipenda kesi zinazojipika zenyewe. Daktari alisema marehemu alipigwa pigo moja tu, kwa mgongo wa panga. Mtaalamu wa alama za vidole akaongeza kwamba mpini ulifutwa vizuri, kisha ukashikwa na mtu mmoja, Luan. Muuaji gani afute alama zake halafu aziweke upya?

Inspekta akaingia ukumbini. Kwenye meza ya dirishani, ile inayotazama bandari na ambayo wakubwa huigombania, palikuwa na sahani mbili. Moja ilibaki na mfupa na majimaji mekundu ya nyama. Nyingine ilikuwa na steki iliyokatwa vipande vidogo, ya kijivu hadi katikati, ngumu kama soli ya kiatu, karibu haijaguswa.

Aliitazama kwa muda. Mji mzima ulijua msimamo wa Gualtiero: nyama nene, nyekundu ndani, chumvi itiwe ikishatoka motoni. Asiyetaka akale kuku. Aliwahi kumwonyesha mlango askofu mzima aliyeomba yake iive, na wateja wakampigia makofi.

Kituoni, Luan alikalishwa chumba cha mahojiano.

"Ulikula naye?"

"Ndiyo. Tukagombana, nikampiga."

"Nyama alichoma nani?"

"Mimi."

"Ikaiva kiasi gani?"

Luan alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama bahari ina chumvi. "Damu ndani, Inspekta. Zote mbili. Pale hatuchomi vingine."

"Ukumbini hukukanyaga wewe. Unamficha nani?"

Luan akanyoosha mikono afungwe pingu.

Sgreccia alitoka nje kuvuta sigara, na hapo akamkumbuka mkewe. Alipokuwa mjamzito, daktari alimkataza kabisa nyama yenye damu, isije ikamdhuru mtoto. Miezi yote ile alitafuna nyama ngumu huku akilalamika. Hakuna mama Italia asiyelijua katazo hilo. Gualtiero aliyemfukuza askofu angeikausha steki yake kwa mjamzito tu, tena mjamzito wa damu yake mwenyewe. Naye Gualtiero alikuwa na mtoto mmoja tu, Delia.

Delia alimfungulia mlango macho yamevimba. Alisema ameshinda kitandani, hakumwona baba yake siku nzima. Inspekta akamweleza taratibu kwamba mate yaliyo kwenye uma yamepelekwa maabara, na kwamba kuna mtu anakwenda gerezani kwa kosa lisilo lake.

"Mimba ina miezi mingapi, binti yangu?"

Akaketi. Mkono ulimwendea tumboni wenyewe.

"Mitatu. Luan hajui."

Baada ya hapo hakuhitaji kuulizwa. Baba yake alifurahi mpaka akalia. Alimchomea nyama ikaiva hadi ndani, akamkatia vipande vidogo kama alivyomkatia utotoni. Kisha akauliza mtoto ni wa nani, na akajibiwa. Aliinuka kwenda jikoni, na Delia akamfuata.

"Akasema Luan atapanda feri jioni hiyohiyo arudi kwao, na mimi atanitafutia daktari wa kuitoa mimba. Hakufoka, Inspekta. Angefoka ningeondoka zangu. Alisema kwa upole huku ananimenyea chungwa. Akanipa, akageuka kunawa mikono. Panga lilikuwa mezani."

"Na Luan?"

"Tulipishana mlango wa nyuma. Aliniangalia mikono, akaniambia niende nyumbani nikaoge."

Sgreccia alishawafunga pingu wengi, lakini zile za Delia zilimuuma. Alirudi kituoni kumwachia Luan, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumweleza habari ya mtoto, Inspekta ndiye aliyemweleza.

Luan akauliza kwa sauti ndogo, "Haiwezekani mkaniacha mimi, mkamtoa yeye?"

"Haiwezekani, kaka."

Alisindikizwa hadi nje. Akaketi kwenye ngazi za kituo, akagoma kwenda kokote, na askari wa zamu hakuwa na moyo wa kumwondoa.