Seli Kubwa Zilizoshindwa Kugawanyika

Fundi viti aliishi na mkewe na mama yake katika vyumba viwili nyuma ya karakana yake. Mkewe alishona vitambaa vya viti. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano, na kila akishona viwili vitatu, alilaza kichwa juu ya cherehani.

Mama mkwe akampachika jina la Malkia, eti kazi yake kukaa tu. Jikoni alitawala mama mkwe mwenyewe, maana fahali wawili hawakai zizi moja, na usafi wake ulikuwa wa kupigiwa mfano. Mboga za majani alizichemsha mpaka zikalegea kama matambara, kisha akamwaga maji yote ya kijani. Vidonge ambavyo mkwewe alipewa kliniki alivifungia kabatini. Dawa ni ya mgonjwa, alisema, na uvivu si ugonjwa.

Siku moja Malkia alianguka kando ya cherehani. Mumewe akamkimbiza zahanati. Mpimaji wa damu, ambaye alikuwa jirani yao, alimwambia kwamba damu yake ni kidogo mno, na akiendelea hivyo, yeye na mtoto watakuwa hatarini. Jioni mpimaji alipita nyumbani kuwaeleza wote.

"Nimeziona seli za damu kwa hadubini," alisema. "Ni kubwa kupita kiasi."

"Kubwa si ndiyo nzuri?" mama mkwe aliuliza.

"Hapana, mama. Ni kubwa kwa sababu zilishindwa kugawanyika."

Akaeleza polepole. Damu huzaliwa ndani ya mifupa, seli moja ikigawanyika kuwa mbili. Ndani ya seli hiyo mna DNA, yaani maelekezo ya kuujenga mwili. DNA ni nyuzi mbili ndefu zilizoshikana, zilizoundwa kwa vipande vidogo viitwavyo herufi, na kila herufi ya uzi huu ina mwenzake mmoja tu kwenye uzi wa pili. Kabla seli haijagawanyika, nyuzi huachana. Kila uzi hujengewa mwenzake mpya, herufi kwa herufi. DNA moja inakuwa mbili, na kila seli hupata yake.

"Fundi, kitambaa kikikuishia, kiti kinatoka karakana?"

"Kitoke wapi? Kinabaki hapo kunizibia njia."

"Basi na seli ni hivyo hivyo. Herufi mpya hazitengenezwi bila vitamini inayoitwa foleti. Ikikosekana, seli inanenepa tu. Foleti imo kwenye vile vidonge, na imo kwenye mboga. Lakini inayeyuka majini, na maji nyie mnayamwaga."

Mama mkwe aliinuka. Alikwenda kabatini akavitoa vidonge.

Tangu hapo mboga zilipikwa kwa maji kidogo, dakika chache, na mchuzi wake ukaliwa. Kila asubuhi mama mkwe mwenyewe alimpa mkwewe kidonge, kama kliniki ilivyoagiza. Baada ya wiki nane damu ilipimwa tena. Seli zilikuwa nyingi, za ukubwa wa kawaida. Mtoto wa kike alizaliwa salama.

Mama mkwe alimpakata mjukuu kwa muda mrefu.

"Mimba zangu zote nilichoka hivi hivi," akamwambia mkwewe. "Wakaniita mvivu, nami nikaamini. Nisamehe, mwanangu. Tusi walilonipa mimi ndilo nililokupa wewe."