Kiazi cha Nne

Cheruto alirudi nyumbani amechoka hoi. Tangu asubuhi yeye na mamake walikuwa wakichimba viazi shambani Kuresoi na kumpakia punda, gunia dogo kila upande. Mgongo ulimuuma, macho yalikuwa mazito. Na kesho yake yalikuwa mashindano ya sayansi mjini Molo, ambapo yeye na Micah, mwanafunzi mwenzake, wangewakilisha shule.

Walikuwa wanaunda mfano wa himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Ina vipande vinne, yaani jozi mbili za vipande vinavyofanana. Micah alikuwa ameshachonga jozi yake kwa viazi na kumwachia Cheruto, ikapendeza kweli. Cheruto alichonga kiazi kimoja vizuri. Cha nne, wee! Alikikwangua kidogo, akakipaka rangi na kukichomeka kwa vijiti.

"Nani ataona?" akajiambia.

Jioni Micah alikuja, akauning'iniza mfano kwa uzi. Mwalimu Chepkosgei alikuwa amewaambia kwamba ukiuzungusha nusu duara, lazima uonekane vile vile. Akauzungusha. Ukalala upande.

"Ala! Cheru, nimekosea wapi?" Maskini, akaanza kuvichomoa viazi vyake mwenyewe.

Cheruto aliona aibu. "Wacha, Micah. Ni changu. Nilichoka, nikalipua kazi."

Mamake, aliyekuwa akiosha miguu mlangoni, akainua kichwa. "Wewe, ungempakia punda gunia upande mmoja?"

"Angeanguka, mama."

"Basi!"

"Na hii ni hivyo hivyo," Micah akasema. "Kipande kimoja kikishika oksijeni, kinawasukuma wenzake, nao wanaishika kwa urahisi. Kimoja kikiwa ovyo, watasukumana vipi?"

Cheruto akachukua kiazi kingine. Vidole vilimuuma, lakini alichonga polepole, akikilinganisha na mwenzake, hadi mfano ukaning'inia sawasawa.

Kesho yake huko Molo, mwamuzi aliuzungusha nusu duara. Ukaonekana vile vile. Shule yao ikachaguliwa kwenda kushindana Nakuru.

Cheruto alipofika nyumbani alijitupa kwenye kiti. Mamake akampa chai, akaketi kando yake akiguna kwa maumivu ya mgongo.

"Kuchoka si kosa, mwanangu. Hata mimi nimechoka. Lakini ukilipua sehemu yako, mzigo wako unamwangukia mwenzako."