Odile Alisoma Kifo cha Mama Yangu

Rafiki yangu kipenzi alitangaza kwamba mama yangu amekufa. Hewani. Na mimi nasikiliza, mswaki mdomoni!

"Mama Night Poni wa Dranya, Koboko, amefariki. Binti yake Daisy, popote ulipo, rudi nyumbani."

Daisy ndiye mimi, jamani.

Aliyesoma ni Odile. Tulikuwa tunatangaza wote redio moja ya AM hapa Arua, Uganda, ile kongwe ambayo hata watu wa ng'ambo, Congo, huifungua kusikia nani kafa na nani anatafutwa. Kazi nilimfundisha mimi. Alipoanza alikuwa anaogopa hata kukohoa karibu na maiki.

Sasa sikieni. Mtangazaji wa kipindi cha mjadala cha asubuhi alikuwa amestaafu. Siku hiyo bosi wetu, Moris, alitaka kutusikia mimi na Odile hewani, kila mmoja kwa zamu yake, achague mmoja. Asiyefika, basi tena. Kipindi kile nilikitamani tangu nikiwa mtoto Dranya.

Lakini nani anawaza kipindi wakati mama amelala maiti?

Kwetu kifo kikishasomwa redioni hakuna kuulizauliza. Unafunga mlango, unaenda kulia. Nilijaribu simu ya mama, imezimwa. Kaka yangu Yakani, niliyekuwa nikiishi naye, alikuwa ameshawasha pikipiki, macho mekundu. Akaniambia niache kupiga, simu ya marehemu nani atapokea.

Njia nzima mpaka Koboko tulilia. Yeye alinishinda.

Tulikuta uwanja umejaa. Shangazi zangu wa Abuku wanagaragara chini. Na katikati yao... mama, jembe begani, anatoka shamba la muhogo, anauliza nani amekufa.

Nilipiga yowe. Nikamshika uso, mikono, kitambaa cha kichwa. Halafu hasira ikanipanda, maana redio ya jirani ilikuwa inalia, na Odile yuko hewani, anacheka, anakaribisha simu za wasikilizaji. Kwenye zamu yangu! Shenzi kabisa.

Nilimweleza mama yote. Akanyoosha mkono.

"Leta simu. Nipigie wao."

Yakani akasema tuyaache, mama iko hai, inatosha. Hakuna aliyemsikiliza. Nikapiga namba ya studio, nikaweka spika.

"Halo, ni nani mwenzetu?" Odile akaitika.

"Mimi ni Night Poni ya Dranya. Ile marehemu ulisoma asubuhi."

Mama akaivuta simu karibu na mdomo.

"Nani alikuambia mimi nakufa?"

Nilijua atadanganya. Nilikuwa tayari kumrukia kwenye simu.

"Mama... hapa hatusomi kifo bila mutu ya familia kuthibitisha," Odile akasema. "Ni Yakani. Yeye ndiyo alileta."

Niligeuka. Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa anatazama viatu vyake.

"Ni kweli?" nikamuuliza.

Akatoa simu ya mama mfukoni, ile aliyoichukua wiki iliyopita eti anaipeleka kwa fundi. Akamrudishia mwenyewe.

"Daisy, wewe utaolewa, utaenda kwa watu," akasema polepole. "Odile mimi nataka kuoa. Yeye anaingia hapa kwetu. Ile kazi ingebaki nyumbani."

Simu ilikuwa bado hewani, na mkoa wetu mzima wa West Nile ulimsikia.

Moris alimtoa Odile studio hapo hapo, kwa kusoma kifo huku akijua ni uongo. Kipindi nikapewa mimi, na sokoni watu wananipongeza mpaka leo. Odile nilimchukia sana, kisha ikapoa. Rafiki ni mtu wa nje, unaumia, unapona.

Yakani ndiye siwezi. Mama bado anampikia akija Dranya, anasema mtoto ni mtoto. Mimi nikimkuta mezani naondoka na sahani yangu. Ninalia nikiandika hapa, sitawaficha.

Dada zangu mnaosoma, ukisikia msiba wako redioni, uliza kwanza, hata wakikuita huna adabu. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni hili: muulize ndugu yako mapema kama kwake wewe ni mtu wa nyumbani. Mimi nilidhani rafiki ameninyang'anya kazi. Kumbe kwetu nilishahesabiwa mgeni siku nyingi, na aliyenihesabu ni kaka yangu.