Nyota Yenye Watu Ndani

Msusi ana saluni ndogo mbele ya nyumba yake. Viti viwili, kioo kimoja, na simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta ya nywele. Yeye anasuka, simu inamfundisha. Saluni nyingine husikiliza umbea. Yeye na binti yake husikiliza masomo ya bure ya mtandaoni, habari za Mwezi, Jua na sayari. Shule aliiacha mapema, lakini sasa anajua kwa nini Mwezi hukua na kupungua. Na usimwanzishe, hamalizi.

Siku ya Jumanne msusi aliutangazia mtaa mzima: "Leo jioni itapita nyota yenye watu ndani."

Kwa kweli si nyota. Ni kituo cha anga za juu, nyumba ya wanasayansi inayoizunguka dunia. Ukiwa huku chini, utadhani ni nyota inayotembea.

Watu walitoka. Wakakodoa macho mpaka shingo zikauma. Hakupita hata popo. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Kesho yake watoto wakamwita binti yake Mtoto wa Nyota, akarudi nyumbani analia.

Mume wa msusi, seremala, hakucheka. Afadhali angecheka.

"Mke wangu, hiyo simu imekuingiza mjini," alisema. "Ikidanganya tena, masomo basi. Itakuwa simu ya kupiga na kupokea tu."

Msusi aliishika simu yake. Siku nzima alishinda kwenye vichwa vya watu. Masomo yale ndiyo kitu pekee kilichoingia kwenye kichwa chake mwenyewe.

Alikwenda kwa jirani yake, mama mmoja fundi simu. Fundi akautazama ukurasa wa mtandaoni alikoisoma ile saa ya Jumanne, akatabasamu.

"Jirani, hujadanganywa. Hii ni ratiba ya mji mwingine kabisa. Soma hapa juu."

Msusi akasoma. Kweli, mji wenyewe hajawahi hata kuusikia.

"Kumbe nimetangaza ya watu," alisema. Aibu ilimshika upya.

"Ndiyo. Kila mji una saa yake ya kukiona hicho kituo. Andika mji wako hapa. Ukipata saa, usikimbilie kutangaza. Fungua ukurasa wa pili, wa shirika la anga lenyewe au wa chuo kinachojulikana. Zikilingana, haya, tangaza. Zisipolingana, nyamaza kwanza."

"Nitakijuaje? Isije ikawa ndege."

"Ndege ina taa za kumetameta. Hiki hakimetameti, kinateleza tu. Kinang'aa kwa sababu kinapigwa na jua. Kwetu jua limeshazama, lakini kule juu bado linakifikia."

"Na wingu likitanda?"

"Hapo hata mimi sina spea."

Msusi akaandika jina la mji wake mwenyewe. Akafungua ukurasa wa pili. Saa zikalingana: Ijumaa, saa moja na robo usiku, kikitokea magharibi.

Ijumaa walitoka wachache, wengi wao wamekuja kucheka. Mteja mmoja alitoka na kichwa kimesukwa nusu, nusu nyingine imesimama. Seremala alikaa mlangoni, amekunja mikono. Saa moja na robo ikafika. Kitu hakuna. Mtu mmoja akaanza kuguna. Binti akamshika mama yake gauni.

"Mama, pale," alisema.

Juu ya mapaa ya magharibi kilichomoza kitu cheupe. Hakikumetameta. Kilipanda taratibu, kikang'aa kuliko nyota zote, kikapita juu ya vichwa vyao. Aliyekuwa anaguna akasahau kufunga mdomo.

"Humo ndani mna watu," msusi alisema. "Wanaizunguka dunia yote kwa saa moja na nusu hivi."

Mteja wa nusu kichwa akapunga mkono. Wengine nao wakapunga, wakubwa kwa wadogo.

Seremala akamwendea mkewe, akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Msusi akampa. Mume akaingia nayo ndani. Alipomfuata, alimkuta ameinama ukutani, anaichomeka kwenye chaji.

"Ilikuwa karibu kuzima," alisema bila kugeuka. "Na kesho mnatuonyesha nini?"