Sikati Laini

Siku moja ya soko mjini Kisii, mwaka 1956, mvua ilishuka ghafla kabla ya adhuhuri, na kila aliyekuwa barabarani akakimbilia baraza la kwanza aliloliona. Duka la vitambaa la Mzee Osman lilijaa mpaka mlangoni. Wanawake waliingia na mikungu yao ya ndizi, wanaume na kuku wao, na harufu ya nguo mpya ikachanganyika na ya makoti yaliyolowa.

Katikati ya msongamano huo alisimama Nyanchama, nesi mkunga wa zahanati ya misheni huko Nyamira. Alikuwa msichana mrefu wa miaka ishirini na mitatu, amevaa gauni la samawati lililonyooshwa kwa pasi, na viatu vyeupe vilivyokwisha kugeuka rangi ya tope. Mbele yake palikuwa na vitambaa viwili, kimoja cha manjano, kingine cha maua mekundu. Alikishika cha manjano, akakiweka. Alikishika cha maua, akakiweka.

"Binti yangu," Mzee Osman alisema kwa upole, huku akisogeza kofia yake, "hata mahari huamuliwa upesi kuliko hivi."

"Nipe hiki... Hapana, mzee. Ngoja kwanza. Samahani."

"Chukua cha manjano," ilisema sauti ya mwanamume nyuma yake. "Hicho cha maua kina kelele nyingi, hakitatuacha tukuone wewe."

Watu walicheka. Nyanchama aligeuka kwa sababu aliijua sauti hiyo, nzito kidogo, yenye kicheko kilichojificha chini yake.

"Wewe ni Kisii!" alisema.

Kijana alikuwa amevaa shati jeupe na tai nyeusi, penseli imekaa juu ya sikio. Macho yalimtoka. "Na wewe ni Nyamira! 'Tafadhali nipe hospitali, samahani kwa kukusumbua.' Kila mara samahani. Lini umenisumbua?"

Jina lake lilikuwa Machogu, karani wa simu pale posta. Kila simu iliyotoka Nyamira kwenda hospitali kubwa ilipitia mikononi mwake. Kwa mwaka mzima Nyanchama alikuwa akizungusha mkono wa simu ya zahanati kuagiza dawa, na Machogu akiitika, "Kisii hapa." Hawakuwahi kuonana. Sasa walisimama wakitazamana kama watu waliofumaniwa, na mvua ilipokatika hakuna aliyetangulia kutoka.

Alinunua cha manjano.

Toka siku hiyo dawa za Nyamira zikawa zinahitaji kuulizwa mara nyingi sana.

"Kisii hapa."

"Nyamira hapa. Nataka hospitali."

"Hospitali wanakula. Mimi sili. Nimekukumbuka."

"Machogu! Karani wa chifu yuko kwenye laini hii hii, anasikiliza."

"Basi na asikie. Karani wa chifu, habari za asubuhi! Nyanchama, lile gauni limeshonwa?"

"Limeshonwa. Lakini sijalivaa."

"Kwa nini, mpenzi?"

"Naona kama si langu," alisema, akacheka ili Machogu naye acheke.

Machogu alicheka, lakini usemi ule haukuwa wa mzaha. Miaka miwili nyuma, Nyanchama alipokuwa mwanafunzi, mtoto wa kwanza aliyempokea peke yake alikufa mikononi mwake. Daktari alisema mtoto yule alikuwa amekwisha kufa tumboni, na kwamba hakuna ambaye angemwokoa. Lakini msimamizi wa wodi, aliyekuwa amechoka siku hiyo, alimtazama akasema, "Mikono yako mizito." Msimamizi alisahau. Nyanchama alihama wilaya, na maneno yale akahama nayo. Yalikua mpaka yakawa sauti kavu iliyokaa ndani yake na kumsemea kila jambo. Alipopima joto la mgonjwa ilimwambia, pima tena, umekosea. Aliposifiwa ilimwambia, hawakujui hao. Ndiyo maana katika kila uzazi mgumu alihakikisha Sista Mkuu, mzungu mzee aliyeiongoza zahanati, yuko karibu, na yeye mwenyewe akabaki kushika beseni.

Mwezi wa Agosti Sista Mkuu alimwita.

"Mwisho wa mwaka narudi kwetu. Nataka zahanati niiache kwako."

"Kwangu? Sista, mimi siwezi."

"Fikiri kwanza. Kuogopa utaogopa baadaye."

Jumapili iliyofuata Machogu alimpeleka matembezi Kisii. Walikaa kwenye nyasi juu ya mji, wakila mahindi ya kuchoma, na chini yao mabati ya maduka yalimetameta juani. Machogu alifuta mikono kwa leso, akaifuta tena, ingawa ilikuwa safi.

"Nyanchama, nataka kuleta wazee kwa baba yako mwezi ujao. Nimeshawaambia nyumbani Mosocho. Mama yangu anauza ndizi sokoni, unamjua. Hatuna makubwa, lakini..."

Nyanchama hakusikia yaliyofuata. Furaha ilimpanda mpaka kooni, na papo hapo sauti kavu ikaamka. *Anajua nini huyu? Anaijua sauti yako ya simu tu. Siku akijua ulichofanya atakutazama kama msimamizi alivyokutazama. Utazaa kwa mikono hiyo? Utalea?*

"Tafuta mwingine," alisema.

Machogu alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Tafuta mwingine, Machogu. Tafadhali. Usiniulize."

Hakumwuliza. Alitazama viatu vyake vilivyoshonwa pembeni, kisha akatazama gauni la Nyanchama na saa ya kiuguzi aliyoibana kifuani, akajijibu mwenyewe. Msichana msomi, anayepewa zahanati na wazungu, na mtoto wa mama muuza ndizi. "Nimeelewa," alisema. Hakuwa ameelewa chochote.

Baada ya hapo simu ikawa adhabu.

"Posta Kisii. Ungependa kuzungumza na nani?"

"Hospitali. Machogu, nili..."

"Naunganisha."

Awali walizoea kuongea Ekegusii, lugha ya nyumbani. Sasa alimwongelesha Kiswahili cha ofisini, kisafi na baridi kama sakafu ya saruji. Nyanchama alikuwa akirudisha simu ukutani na kusimama pale, amekaza paji la uso kwenye ubao. *Si unaona,* ilisema sauti. *Nilikwambia.*

Ilikuwa Oktoba, mvua zikiwa kali, wanaume wanne walipoingia mbio zahanati na machela ya mianzi. Juu yake alilala Bitutu, mke wa Ombui, mimba yake ya kwanza, uchungu umemkaba tangu jana. Sista Mkuu alikuwa ameondoka asubuhi kwenda mkutanoni. Nyanchama alinawa, akapima, na damu ikamkimbia usoni. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio.

"Sista, vipi?" mama mkwe wa Bitutu, aliyewafuata wabeba machela, alimwuliza Nyanchama.

"Nakuja, mama. Mshike mkono."

Alikwenda chumba cha pili, akazungusha simu kwa nguvu.

"Posta Kisii."

"Hospitali, upesi! Mama anajifungua na mtoto amegeuka!"

Alisikia waya zikichomekwa, sauti za mbali, kisha Machogu akarudi. Kiswahili cha ofisini kilikuwa kimemtoka.

"Nyanchama, daktari yuko chumba cha upasuaji. Gari la wagonjwa limekwama kwenye matope, wanalisukuma. Hawatafika leo mchana."

"Basi atakufa."

"Nani yuko naye?"

"Mimi tu! Ndicho ninachokwambia! Machogu, mimi siwezi, mimi niliua mtoto." Maneno yalitoka yote pamoja, kama maji yaliyobomoa kingo. Alimwambia habari ya wodi, ya yule mtoto, ya mikono mizito. "Ndiyo maana nilikukataa. Sikutaka ujue. Sasa umejua."

Mvua ilipiga mabati. Kutoka chumba cha uzazi Bitutu alilia.

"Mimi mambo ya uzazi siyajui," Machogu alisema taratibu. "Kwa hiyo niambie. Kitu cha kwanza kinachofanywa ni kipi?"

"Nini?"

"Niambie kana kwamba ni mimi nitakayeifanya kazi hiyo. Cha kwanza."

"Cha kwanza... alazwe ukingoni mwa kitanda. Asukume mwenyewe."

"Halafu?"

"Kiwiliwili kikitoka mpaka kitovu, nilegeze kamba ya kitovu. Kisha mabega. Halafu nisivute. Watu huogopa wakavuta, na kichwa kinanaswa. Niache mtoto aning'inie kwa uzito wake mpaka nione nywele za kisogo. Ndipo nishike miguu na kumwinua."

"Nani kakufundisha hayo?"

"Nilisoma. Nimeona yakifanywa."

"Basi unajua. Mimi hapa sijui hata kimoja. Nenda, Nyanchama. Mimi sikati laini."

Aliiacha simu ikining'inia kwenye waya wake, akaenda.

Sauti kavu haikunyamaza. Ilimfuata mpaka kitandani, ikamwambia mikono yake ni mizito. Nyanchama hakubishana nayo. Alianza kusema na Bitutu kwa sauti ya juu, bila kuacha nafasi katikati.

"Bitutu, nitazame. Vuta pumzi. Bado, bado, usisukume. Sasa! Vizuri sana, mama. Mguu huu hapa. Na huu."

Kiwiliwili kilitoka. Alilegeza kamba. Bega, na bega la pili. Kisha kila kitu kikasimama. Mtoto alining'inia, wa buluu, kichwa bado ndani.

*Vuta,* ilipiga kelele sauti. *Anakufa, vuta!*

"Mvute, Sista!" alilia mama mkwe, mikono kichwani.

"Hapana," Nyanchama alisema, na hakujua kama anamjibu mama yule au nani. Aliiweka mikono yake hewani, karibu na mtoto bila kumgusa. Jasho lilimwingia machoni. Hakuna kitu kigumu alichowahi kufanya kama kule kutofanya. Alingoja. Bitutu aliguna kutoka chini kabisa ya kifua chake, mtoto akashuka kidogo, na pale shingoni zikaonekana nywele nyeusi, zimelowa.

Alishika miguu, akainua. Kichwa kikatoka.

Mtoto alikuwa mlegevu. Nyanchama alimsafisha kinywa, akampuliza, akamsugua mgongo kwa taulo. Akampuliza tena. Mama mkwe alikuwa amepiga magoti akiomba. Halafu mtoto alikunja uso kwa hasira na kulia, kilio chembamba kikavuka ukuta.

Alipokwisha kumfunika Bitutu na kumpa mwanawe, alirudi kwenye simu.

"Kisii?"

Zilisikika pumzi za mtu anayejaribu kutosikika akilia.

"Machogu, ni msichana."

"Nimemsikia," alisema. "Posta nzima imemsikia. Bwana mkubwa wa posta alikuja kunigombeza kwa kushikilia laini, nikampa asikilize, akaketi." Alipenga kamasi. "Nyanchama, mimi nilidhani umenidharau."

"Nikudharau wewe? Nilikuwa najidharau mimi."

"Na sasa?"

Alifikiri. Hakutaka kumdanganya. "Bado inasema. Hata sasa inasema nilibahatisha. Lakini leo ilinipigia kelele na sikuitii."

"Hiyo inanitosha. Naweza kuleta wazee?"

"Lete. Lakini nitakuwa mkuu wa zahanati, Machogu. Sihamii Kisii."

"Basi mimi ndiye nitakayepanda basi kuja huko. Umesikia, karani wa chifu?"

"Nimesikia," sauti ya tatu ilijibu kwenye laini. "Hongereni."

Wazee wa Mosocho walikuja Nyamira Desemba, asubuhi ya jua, wamevaa makoti mazito na kofia. Nyanchama aliwapokea njiani, mbele ya ua wa babake, ndani ya gauni la manjano. Wazee walitangulia wakiongea juu ya mahindi. Machogu alibaki nyuma, tai imemkaza shingo, uso umemtoka jasho.

"Nyanchama, subiri. Nikikosea maneno mbele ya mzee je?"

Alimtazama, akamlegezea tai kwa vidole viwili.

"Utakosea," alisema. "Ingia tu."