Mikono Iliyonunuliwa Mnadani

Wimbo ulikwisha, lakini kinanda hakikunyamaza. Edna aliinua mikono, akaondoa miguu kwenye makanyagio, akangoja. Sauti moja nyembamba iliendelea kutoka katika kisanduku kile kikuukuu cha mbao, ikatetemeka juu ya mabenchi matupu, kisha ikakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Alijiambia kwamba ni mivukuto tu, ile mifuko ya ngozi inayokipa kinanda pumzi. Ngozi yake ilijaa viraka vya mpira wa baiskeli tangu enzi za marehemu baba yake, aliyemrithisha kazi ya kupiga, na kinanda cha umri huo kina ruhusa ya kukoroma. Hata hivyo, upepo uliomgusa vifundo vya miguu ulinuka majimaji ya mkonge uliochacha, na kiwanda cha kambi yao ya wafanyakazi wa mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe, kilikuwa kimefungwa kabla Edna hajazaliwa.

Hayo yalianza kesho yake baada ya mnada.

Kanisani pale, ibada ikimalizika watu hutoka barazani, na sadaka zisizo fedha hunadiwa: mikungu ya ndizi, mayai, miwa, kuku. Jumapili hiyo walikuwa wakichangia kinanda kipya cha umeme, na hata kile cha zamani kilikuwa kimetolewa nje ili kichangamshe watu. Mnadi alikuwa Yordani, mdogo wake Edna, dereva wa bodaboda mwenye mdomo usio na breki.

"Tetea huyu," alinadi, akimwinua kuku mwekundu, "namuuza na vifaranga vyake vijavyo. Wajukuu ni bure. Nani anaongeza?"

Watu walicheka, wakaongeza. Bidhaa zilipokwisha akaanza kuuza nyimbo, kama ilivyo desturi: mwenye kutoa fedha huchagua wimbo, na mpiga kinanda humpigia. Jua lilipanda, mifuko ikakauka, na fedha hazikufika hata nusu. Ndipo Yordani alipomshika dada yake kifundo cha mkono, akauinua juu kama alivyomwinua yule tetea.

"Kwa wimbo mmoja mmoja tutazeekea hapa. Sasa nauza mikono ya dada yangu, yote miwili, na vifaranga vyake vijavyo. Atakayenunua atapigiwa mpaka mwenyewe aseme basi."

"Yordani, mimi si kuku," alisema Edna, naye akicheka.

"Kuku hana maneno mengi hivyo, dada. Tulia uuzwe."

Nyuma ya umati mwanamke mmoja akainua kidole. Hakuna aliyemjua. Alijitanda kaniki nyeusi, na pindo lake lilikuwa likichuruzika maji ingawa mvua ilikuwa haijanyesha mwezi mzima. Alitaja kiasi chote kilichopungua, kwa sauti ndogo, kama anayenunua chumvi.

"Mara ya kwanza," alisema Yordani, akimeza mate. "Ya pili. Ya tatu. Imeuzwa."

Vigelegele vikapaa. Mchungaji Abraham alipokea bunda la noti kwa mikono miwili, akashukuru kwa sala ndefu. Edna alipiga, akapiga tena, hadi vivuli vikageuka upande, na alipoinua macho kumtafuta mnunuzi, hakumwona. Hakuna mtu aliyemsikia akisema basi.

Tangu hapo mikono haikuwa yake. Alipokanda unga, vidole vilipiga. Alipokaa, nyayo zilikanyaga sakafu, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kila adhuhuri alijikuta kanisani mbele ya kinanda, asijue ni njia gani iliyompeleka, na harufu ile ya mkonge ikimkaa kooni. Na siku za binti yake, Angel, zilikuwa zimekaribia. Angel aliolewa kijijini Mpale, mimba ilikuwa ya kwanza, na Edna alikuwa amemwahidi: mikono hii ndiyo itakayompokea mtoto.

Akafunga begi, akapanda bodaboda ya mdogo wake. Walipofika kwenye mstari wa mwisho wa mkonge, mahali ambapo njia ya kambi hukutana na barabara kubwa, vidole vyake vilianza kumpiga Yordani mgongoni, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu, kisha kwa kasi ambayo hakuna wimbo wa kanisa unaoihitaji, na miguu yake ikakanyaga hewani, na mwili wake mzima ukageuka kuelekea kule walikotoka kama ulimi wa mbuzi unavyofuata chumvi, hata akateleza kutoka kwenye pikipiki ikiwa bado inatembea, akaanguka, akainuka na magoti yanayovuja damu, akarudi kwa miguu akilia, akiomba asimame, na asiweze kusimama.

Jioni alimkuta Mchungaji Abraham ofisini.

"Mrudishieni yule mama fedha zake," alinong'ona, mikono ameifumbata kwapani.

"Zimekwisha kutumwa, Mama Angel. Kinanda kiko njiani kutoka Dar es Salaam." Mchungaji alivitazama vidole vilivyokuwa vikifurukuta chini ya khanga, akayahamishia macho dirishani. "Umechoka tu. Tukirudisha, waumini nitawaambia nini?"

"Waambie mliniuza."

Mchungaji akaanza kupanga karatasi mezani. Naye Edna akaelewa kwamba kanisa zima lilikuwa limesimama upande wa pili wa mlango, na ufunguo wanao, na hawataki kuutumia.

Yordani, ambaye hakuwa amefanya mzaha tangu siku ile ya barabarani, alipanda basi kwenda Handeni, akafika hadi Mazingara, akarudi na Mzee Mbwana, mganga mwenye kanzu iliyofifia na kikapu cha ukindu.

"Shikamoo, mzee," alisema Edna bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa kanisani akipiga.

"Marahaba, mwanangu. Viatu nivue, au huku kwenu mnaingia navyo?"

"Ingia navyo tu, mzee," alisema Yordani.

"Nitavua. Nyumba ina mwenyewe."

Alichoma ubani, akakaa sakafuni, akasikiliza mivukuto ikihema. Alisoma kimoyomoyo kwa muda mrefu, kisha akafunga kitabu chake.

"Angekuwa mwizi ningemfukuza," alisema polepole. "Huyu alinunua hadharani, akalipa, na nyinyi mkashangilia. Nitamfukuzaje mtu kwenye mali yake?"

"Basi dada yangu atafia hapa?"

"Aliyeuza na afanye mnada tena. Mnunuzi akipenda bei, ataachia. Lakini sema kama ulivyosema siku ile, kijana. Usipunguze neno."

Yordani alisimama mbele ya mabenchi matupu. "Nauza," alisema, na sauti ikampasuka, "nauza mikono ya dada yangu. Yote miwili."

"Ni hayo tu?" aliuliza Mzee Mbwana.

Yordani aliitikia kwa kichwa. Moshi wa ubani ukalala chini, harufu ya mkonge ikapanda juu yake, na katika kile kinanda, chini ya wimbo ambao Edna hakuuchagua, mtu alivuta pumzi.

"Nani anaongeza?" alinong'ona Yordani.

"Mimi," alisema Edna. "Fedha sina. Natoa muziki wangu, nyimbo zote alizonifundisha baba, nisibaki hata na mmoja. Chukua. Niachie mikono nimpokee mjukuu wangu."

Mivukuto ikajaa, ikajaa mpaka viraka vikatanuka, ikakaa hivyo, na walio mle ndani wote watatu wakashindwa kupumua, kana kwamba hewa ya kanisa zima ilikuwa imekusanywa mahali pamoja kwa ajili ya neno moja. Kisha ikashuka, na sauti ndogo, ya mtu anayenunua chumvi, ikasema:

"Mikono, basi."

Vidole vya Edna vikaanguka mapajani. Alivitazama vile vibao vyeupe na vyeusi, na kwake vilikuwa mbao tu.

Aliwahi Mpale. Mtoto wa kike alizaliwa alfajiri, na mikono iliyompokea ilikuwa ya Edna, mitulivu, yenye joto. Siku hiyo Yordani alipiga simu kusema kinanda kipya kimefika na kimefunikwa shuka, maana hakuna wa kukipiga. Edna alicheka kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi. Alimlaza mjukuu kifuani, akaanza kusinzia.

Kitu kilimgusa juu ya mfupa wa kifua. Kidogo, kama tone. Kisha kingine.

"Mama, tazama kanavyochezesha vidole," alisema Angel kutoka kitandani. "Ndiyo kwanza kamezaliwa."

Vidole vyekundu, laini, vilikuwa vimejitokeza kwenye khanga, vikishuka kimoja kimoja, mkono wa kulia, kisha wa kushoto ukiujibu. Ni wimbo gani, Edna hakuweza kujua tena. Lakini nyayo alizijua, zile nyayo ndogo zilizokuwa zikimkanyaga tumboni, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Na kwenye nywele za mtoto, badala ya harufu ya maziwa, palinuka mkonge uliochacha. Akamkumbuka yule tetea mwekundu, na maneno ya Yordani barazani ambayo hakuyarudia mbele ya mabenchi matupu: na vifaranga vyake vijavyo.

"Basi, mjukuu wangu," alisema, akiifunga mikono ile midogo ndani ya kiganja chake. "Basi. Basi."

Vidole havikusimama. Neno hilo halikuwa lake kulisema.