Trekta Atakaloendesha Rosina

Kwa miaka mitano Redempta alitandika vitanda kumi na vinne kila siku katika hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, huko Uarabuni. Mikono yake ilikuwa imeizoea kazi hiyo kiasi kwamba iliweza kuifanya hata macho yakiwa mbali. Wiki hiyo macho yake yalikuwa mbali mno. Mara mbili alisahau kuweka taulo, na mara moja alitandika mashuka safi juu ya machafu. Msimamizi alimwuliza kama anaumwa. Alijibu kwamba haumwi. Alikuwa anaingoja Ijumaa.

Ijumaa ndiyo siku pekee aliyoonana na mumewe, Joachim. Kampuni ilimpa Joachim malazi Al Quoz, penye karakana na maghala, na hoteli ilimpa Redempta malazi Deira. Kwa hiyo kila jambo la nyumba yao lilipaswa kuamuliwa Ijumaa, kabla jioni haijawarudisha kila mmoja kwake. Ijumaa hii jambo lilikuwa zito. Walikuwa wananunua trekta dogo.

Trekta lilikuwa la kupelekwa Igurusi, mkoani Mbeya, kwenye majaruba ya mpunga ya mama yake Redempta. Huko aliishi mdogo wake, Rosina, pamoja na Doris, binti wa Redempta. Doris aliachwa ana miaka mitatu, na sasa alikuwa na minane. Mwaka uliopita walikodi trekta la watu. Lilifika mvua zikiwa zimekwenda nusu, na majaruba mengi yakalala bila kulimwa. Redempta na Joachim walikuwa wamekubaliana: wakipata trekta lao, likalima vizuri msimu mmoja, hawatatia saini mkataba mwingine. Watarudi nyumbani kwa mtoto wao. Wakikosea kuchagua, hawana uwezo wa kununua la pili.

Asubuhi ile simu ya Redempta ilikuwa imelia mara tatu kabla hajashuka kwenye basi. Mpigaji alikuwa Kulusumu, mfanyabiashara wa mtaa wa Naif aliyepeleka bidhaa Dar es Salaam. Alikuwa amewaachia nafasi katika kontena lake. Kila alipopiga alikumbusha jambo lile lile: kontena linafungwa kesho saa sita mchana, na yeye hamngojei mtu.

Joachim alimpokea mkewe kwenye lango la yadi ya mitambo ya mitumba huko Al Quoz. Alikuwa amevaa shati lake jema, na alikuwa na haraka.

"Mama Doris, mimi nimeshachagua," alisema. "Njoo ulione tu, kisha tulipe. Khalas, imekwisha."

Kulikuwa na matrekta mawili, yote madogo, yote yametoka Japani, yenye nguvu sawa. Kila moja lilikuwa na rotaveta nyuma yake, yaani majembe yanayozunguka na kupasua udongo. Joachim alipanda lile jekundu. Alikanyaga pedali, likaenda mbele. Alikanyaga upande wa pili wa pedali, likarudi nyuma. Hakugusa gia wala klachi. Trekta liliteleza juu ya lami kama kitoroli cha hoteli.

Joachim aliyajua matrekta ya namna hiyo. Kazi yake ilikuwa kukata nyasi katika uwanja wa gofu, na kila siku aliendesha trekta la pedali. Alimweleza mkewe kwamba hilo ndilo linalomfaa Rosina. Rosina hajawahi kuendesha kitu. Klachi itamshinda, gia zitamchanganya. Hili hata Doris angeliweza.

Redempta alitaka kufurahi, lakini moyo wake haukutulia. Alimwambia mumewe kwamba amemwomba fundi Amour apite baada ya sala ya Ijumaa. Amour alikuwa Mzanzibari, fundi wa mitambo katika karakana ya jirani kwa miaka mingi.

Joachim alinuna. "Trekta naendesha mimi kila siku. Sasa aje mtu kunifundisha?"

"Hakufundishi, Baba Doris. Anatazama tu."

Walingoja kwenye kivuli cha ukuta. Muuzaji alipita mara mbili akiwaambia yalla, yalla, wafanye haraka, kuna mteja mwingine anayelitaka lile jekundu. Kulusumu alipiga tena. Redempta alisimama, akakaa, akasimama tena.

Amour alifika akiwa bado na kanzu. Aliwasalimu, akauliza habari za watoto, kisha akayazunguka matrekta yote mawili bila kusema kitu. Mwishowe hakumwuliza Joachim juu ya injini. Alimwuliza trekta litafanya kazi gani.

"Kulima majaruba ya mpunga," Joachim alijibu.

"Nani ataliendesha?"

"Shemeji yangu, Rosina."

"Na likiharibika, nani atalitengeneza?"

Joachim alimtazama mkewe. Redempta alijibu kwamba Igurusi wako mafundi wa pikipiki na wa mashine za kukoboa mpunga.

"Haya," Amour alisema. "Sasa mie sisemi kitu. Trekta litasema lenyewe."

Alimwomba muuzaji ruhusa ya kutumia uwanja mtupu nyuma ya yadi. Ardhi yake ilikuwa mchanga ulioshindiliwa na malori hadi ukawa mgumu. Joachim alilipeleka jekundu huko, akashusha rotaveta, akakanyaga pedali. Majembe yaliingia ardhini. Trekta likaanza kupunguza mwendo. Joachim akakanyaga zaidi. Likalegea zaidi. Akakanyaga mpaka mwisho, na trekta likaguna, likasimama.

"Hebu legeza mguu kidogo, bwana wee," Amour alisema. Joachim alipolegeza, trekta lilisogea tena, polepole.

Amour akawaeleza. Watu huliita trekta hili otomatiki. Ndani yake mna pampu inayosukuma mafuta, na mafuta hayo ndiyo yanayozungusha magurudumu. Ukikanyaga pedali sana, unaomba mwendo, huombi nguvu. Tena sehemu ya nguvu ya injini hupotea, ikageuka joto ndani ya mafuta.

"Ukikata nyasi, hulioni tatizo hilo, maana nyasi ni kazi nyepesi," alimwambia Joachim. "Kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara mia kwa siku, hakuna linalolishinda. Wewe kazini umezoea trekta zuri. Ila kazi yenyewe ni nyingine."

Kisha akauliza ni nani anayebadilisha mafuta ya trekta la uwanja wa gofu. Joachim alijibu kwamba liko gari la mafundi, huja na mafuta maalumu na chujio jipya. Amour alitikisa kichwa taratibu. Pampu ya namna hiyo haivumilii uchafu, alisema. Tope likiingia, au mtu akitia mafuta yoyote yanayopatikana dukani, pampu hufa. Na pampu haitengenezwi kwa nyundo.

Wakalijaribu la pili, la buluu. Hili lilikuwa na klachi na gia. Amour mwenyewe alilipanda na kanzu yake, akaweka gia ya kwanza ya chini, akaachia klachi taratibu. Rotaveta iliingia katika ardhi ile ile ngumu. Trekta halikukimbia, wala halikuguna. Lilitembea tu, hatua kwa hatua, na nyuma yake ardhi ikabaki imefunguka.

"Hapa injini imeshikana na magurudumu kwa vyuma, meno kwa meno," Amour alieleza. "Nguvu nyingi inafika ardhini." Alionyesha pia wenzo, mkono mfupi wa chuma uliokuwa kando ya usukani. Ukifika mwisho wa jaruba, unakanyaga klachi, unasukuma wenzo, unarudi nyuma bila kubadilisha gia. Katika majaruba madogo jambo hilo huokoa muda mwingi.

Joachim alikuwa ameona. Hata hivyo alishika neno lake moja la mwisho. "Rosina hawezi klachi."

"Umemwuliza?" Redempta alisema.

Kwa kweli hakuna aliyekuwa amemwuliza. Walikuwa wamezungumza juu ya trekta hilo kwa miaka miwili. Kila walipompigia Rosina, waliuliza habari za Doris, shule na homa, kisha salio likaisha.

Redempta alikwangua kadi mpya ya simu. Alikosea tarakimu, akaanza upya. Rosina alipopokea, aliulizwa bila maamkizi marefu kama angeweza kujifunza klachi na gia.

Rosina alicheka.

"Dada, huu msimu wa pili naendesha pawatila ya chama chetu cha wakulima. Ile mashine ya kulimia, unayotembea nyuma yake. Ina klachi, ina gia sita. Wanaume wawili niliwafundisha mimi."

"Mbona hukutuambia?"

"Hamkuuliza. Nilidhani shemeji anaendesha mitambo mikubwa huko, ataniona mshamba."

Redempta alimpa mumewe simu. Joachim alisikiliza huku akitazama viatu vyake. Alimwuliza shemeji yake mambo mengi. Tope la huko linafika wapi mguuni? Giaboksi ya pawatila ikisumbua, nani huifungua? Rosina alijibu kwamba tope linafika magotini, na giaboksi hufunguliwa na fundi wa pale pale Igurusi, kwa siku moja.

Joachim alirudisha simu, akamtazama Amour.

"Tuchukue la buluu," alisema.

Lakini Amour hakuwaacha walipe mara moja. Alipima mafuta ya giaboksi kuona kama yamechanganyika na maji. Aliweka gia moja moja akisikiliza kama inaruka. Alimwonya Joachim amwambie Rosina asiegemeze mguu kwenye klachi anapolima, maana klachi huisha upesi kwa tabia hiyo. Ndipo akasema bismillahi, walipe.

Kesho yake, dakika ishirini kabla ya saa sita, trekta liliingizwa kontenani. Kulusumu aliwaambia kwamba wamemzeesha.

Kisha zikaja wiki za kungoja. Redempta aliota meli, aliota mvua, aliota trekta limezama. Mkataba mpya uliletwa Januari. Aliukunja, akauweka chini ya mto wake bila kuutia saini.

Ijumaa moja, Redempta akiwa na Joachim, Rosina alipiga simu mwenyewe. Nyuma ya sauti yake palisikika mngurumo usiopanda wala kushuka.

"Majaruba yote yamelimwa, dada. Tumeshaanza kuwalimia majirani pia."

Joachim aliinamia simu. "Unatumia gia gani kwenye tope?"

"Ya kwanza ya chini, shemeji. Mguu nimeutoa kwenye klachi, kama ulivyoagiza. Ukija nitakufundisha."

Joachim alicheka hadi akafuta macho. Kisha ikaja sauti nyembamba, ikiuliza kama ni kweli wanakuja.

"Tunakuja, Doris," Redempta alisema.

Jioni ile aliutoa mkataba chini ya mto, akaurudisha kwa msimamizi ulivyokuwa, bila saini. Asubuhi yake alitandika vitanda kumi na vinne, na kila kimoja alikiwekea taulo.